Siku 11 za kunywa kolestiramini: uzoefu wangu

Nimeishi na baridi yabisi kwa miaka 9, na katika minne ya mwisho nilikuwa nikimeza leflunomidi, dawa iliyonirudishia uwezo wa kufunga vifungo vya nguo bila kuomba msaada. Mimi na mume wangu tulipoamua kutafuta mtoto, daktari wangu wa viungo hapa Leicester alinieleza kwamba kuiacha tu hakutoshi, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni na mabaki yake huweza kukaa mwilini hata miaka 2. Akaniandikia unga wa kolestiramini, gramu 8 mara 3 kwa siku, kwa siku 11.

Nilimuuliza inakuwaje kitu cha miaka 2 kiondoke kwa siku 11, naye akanichorea njia ya nyongo nyuma ya karatasi ya miadi. Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli, nazo humwagwa utumboni ili kusaidia mafuta yasagike. Kisha takriban asilimia 95 ya asidi hizo hunyonywa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Leflunomidi, baada ya kubadilishwa na mwili, hupanda gari hilohilo: hushuka na nyongo, hunyonywa, hurudi, na mzunguko huo ndio unaoifanya isiishe. Kolestiramini yenyewe haiingii kwenye damu hata kidogo. Hubaki utumboni, hunasa asidi za nyongo pamoja na dawa iliyoshuka, na vyote hutoka kwa njia ya choo.

Kuhusu kuinywa, sitaficha: ni karaha. Unga hauyeyuki. Siku ya kwanza niliukoroga kwa maji matupu, nikawa kama ninayekunywa uji uliomwagiwa mchanga, na chembe zikaganda kwenye fizi hadi adhuhuri. Tangu siku ya pili nilitumia juisi nzito ya embe, nikauacha dakika chache ulowe na kuvimba, nikanywa, halafu nikasuuza bilauri na kunywa masalio, maana kinachobaki chini ni sehemu ya dozi. Kwa pakiti za gramu 4, hesabu ni pakiti 6 kwa siku, yaani 66 kwa jumla. Kufikia siku ya tatu choo kilikuwa kimefunga na tumbo limejaa gesi. Papai na maji mengi vilisaidia kiasi, si sana.

Lalamiko langu kubwa ni juu ya duka la dawa nililochukulia pakiti hizo, ambalo halikunitahadharisha kwamba unga huu hunasa na dawa nyingine. Mimi hutumia vidonge vya tezi ya shingo, na kwa siku 2 nilivimeza pamoja nao, yaani ni kama niliwatupia samaki. Baadaye nilipanga unga saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni, na kidonge cha tezi saa 5 usiku.

Wifi yangu aliyeko Tanga aliposikia kwamba nakunywa kitu cha kutoa sumu, aliomba nimtumie pakiti chache "asafishe tumbo". Nilicheka, kwa sababu mimi wakati huo nilikuwa na siku 3 sijapata choo. Nilimweleza kwamba unga huu hausafishi kila kitu. Unafaa kwa kile kinachopita kwenye nyongo na kurudi utumboni. Mfano mashuhuri ni wafanyakazi wa kiwanda cha dawa ya wadudu iitwayo klodekoni mjini Hopewell, Virginia, nchini Marekani, kiwanda kilichofungwa mwaka 1975: walipopewa kolestiramini, sumu ile ilitoka miilini mwao haraka zaidi, kwani nayo ilikuwa ikizunguka kwa njia hiyohiyo. Sumu ambayo haipiti huko, unga huu hauna habari nayo.

Kipimo changu cha kwanza cha damu kilikuwa chini ya miligramu 0.02 kwa lita, ambacho ndicho kiwango kinachotakiwa, na cha pili, kilichochukuliwa baada ya siku 14, kikathibitisha hivyo. Daktari ametutaka tusubiri mwezi mmoja na nusu tangu kile cha kwanza. Zimebaki siku 19, na vidole vyangu vimeanza tena kukakamaa asubuhi.