Jeep ya Tamiya ya 1/35, na dereva wake niliyemfanya askari wa Keya

Kazi yangu ni kupaka rangi magari katika gereji moja Shimanzi, Mombasa, kwa hiyo nikishika modeli ya gari jicho huanzia chini: chesi, springi, difu. Seti hii ya plastiki ya Willys MB, Jeep ya jeshi la Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, kutoka kampuni ya Kijapani ya Tamiya, namba 35219, imelistahimili jicho hilo. Difu zote mbili, zile zinazogawia nguvu gurudumu la kulia na la kushoto, hazikai katikati ya ekseli. Zimevutwa upande wa kulia kama zilivyo kwenye gari lenyewe, kwa sababu giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma imetokeza upande huo. Asiyewahi kulala chini ya Jeep hatalijua hilo. Aliyetengeneza modeli hii analijua. Hata greli ina matundu tisa, idadi ya magari ya vita. Jeep za siku hizi zina saba.

Gari la kweli lina urefu wa mita 3.33, na hili likikamilika linafika sentimita tisa na nusu hivi. Kipimo hicho cha 1/35, yaani urefu umegawanywa mara 35, chenyewe kina kisa chake: kifaru cha kwanza cha plastiki cha Tamiya, Panther, kilipewa ukubwa wa kutosha kubeba mota na betri ndani yake, na hesabu ikaja kufanywa baadaye. Leo watengenezaji wengi duniani wanafuata kipimo hicho kwa magari ya jeshi.

Niliitaka Jeep hii kwa ajili ya babu. Alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma, na nyumbani kwetu Kisauni jina la Burma lilitajwa sana kuliko la Nairobi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa 1943 kwa vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia Kaskazini (Zambia). Ikafanya mazoezi Ceylon (Sri Lanka), na katika mvua za 1944 ikashuka bonde la Kabaw, kwenye tope na malaria, hadi ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi wa Desemba. Kwenye njia kama hizo ndipo gari dogo la magurudumu manne yanayovuta yote lilipopata heshima yake. Willys na Ford kwa pamoja walitengeneza karibu Jeep 640,000 wakati wa vita, lakini nikitazama modeli zilizokamilika za watu wengine, dereva karibu kila mara ni Mzungu.

Ujenzi wenyewe nitaupitia haraka, maana hauna taabu. Vipande vikate kwenye fremu kwa koleo kali. Ukivivunja kwa mkono unang'oa nyama ya plastiki. Gundi iwe ile nyepesi inayoyeyusha plastiki. Shikanisha vipande viwili kwanza, kisha gusisha brashi kwenye mshono, nayo hukimbia ndani yenyewe. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi, na watoto wakae mbali na kichupa. Supa gluu usiipeleke karibu na kioo cha mbele, kwani mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika. Kioo kishike kwa gundi nyeupe ya maseremala, ambayo ikikauka haionekani. Mishono ya seti hii imeshikana vizuri na msasa wangu haukupata kazi kubwa.

Kwenye rangi ndipo hali ya hewa ya Mombasa inapotawala. Tinna inaporuka, uso wa rangi hupoa, na hewa ikiwa na unyevu mwingi maji hujikusanya juu ya rangi mbichi. Matokeo ni ukungu mweupe, na vanishi isiyong'aa ndiyo inayoumia zaidi. Gerejini tunaliona hilo kila masika. Kwa modeli, rangi ya kopo la kupuliza ninaishika wakati wa kaskazi, Januari na Februari, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na kamwe si baada ya magharibi. Kopo nalo liwekwe kivulini, lisiachwe juani likapata moto.

Brashi haiogopi unyevu kiasi hicho, ila ina shida yake. Akriliki zenye alkoholi hukauka upesi katika joto letu, na ukirudia mahali palepale kabla pajakauka sawasawa unachubua tabaka la chini. Pakaa nyembamba, kwa mwelekeo mmoja, kisha iache hadi kesho. Rangi niliyotumia mwilini mwa gari ni Olive Drab, namba XF-62 ya Tamiya, nikaongeza XF-52 ya udongo kidogo kwenye boneti na sakafu ili ionekane imekula jua na vumbi. Alkoholi ya isopropili ya kuipunguzia naipata kwa mafundi wa simu. Wao huitumia kusafishia saketi.

Dereva aliyemo kwenye boksi ni Mmarekani, na kazi kubwa kwangu ilikuwa kumgeuza. Kofia ya chuma niliiondoa, nikamtengenezea kofia pana ya askari wa Keya kwa epoksi ile ya mafundi bomba: unaikanda, unaisambaza nyembamba juu ya poda ya mtoto isigande, kisha unakata duara la milimita kumi kwa ukingo. Ikishaanza kukaza kidogo ndipo unaukunja ukingo. Uso unataka subira zaidi. Chupa nyingi zinazouzwa kwa jina la rangi ya ngozi zina ngozi ya waridi ndani yake, hivyo ziache. Anza na XF-10 ya kahawia, kisha mashavuni, juu ya pua na kwenye paji ongeza XF-64 yenye wekundu. Vivuli vya chini ya macho na kidevu ni XF-10 ileile na tone la nyeusi. Halafu usimpake usoni vanishi kavu, ile isiyong'aa. Ngozi nyeusi kwenye jua ina mng'ao, na vanishi kavu humfanya mtu aonekane amepakwa majivu. Mimi nilitumia ya nusu mng'ao, na dereva akaonekana ana jasho la mchana.

Stika za maji nilizozikuta hazina alama ya Divisheni ya 11, ambayo ilikuwa kichwa cha faru. Nilikichora kwa mkono juu ya karatasi angavu ya stika, brashi nyembamba sana namba 000, nikakata na kubandika kama stika nyingine. Kabla ya stika yoyote paka vanishi inayong'aa mahali pake, la sivyo hewa hubaki chini na pembeni pataonekana pakavu.

Kwa anayeanza, hii ndiyo modeli ya jeshi ningemshauri anunue kabla ya kifaru chenye minyororo. Vipande si vingi, maelekezo ni ya michoro, na kosa dogo la rangi hufichwa na tope. Yangu aliniletea binamu anayefanya kazi melini. Ukiagiza peke yako nauli inaweza kupita bei ya boksi, kwa hiyo shirikianeni wawili watatu. Rangi muulize muuzaji mapema itasafiri vipi, kwa sababu zenye alkoholi huhesabiwa mzigo wa hatari kwenye ndege.