Shati la printi kali mikono mifupi: lipi la kuanza nalo, lipi la kuacha

Wadau, shati la maua au michoro mikubwa mikono mifupi ni nguo tamu sana ya kuvaa kipindi cha joto, ila wengi wanalichagua kwa macho tu, maua yamependeza basi analipia, afu wiki ya pili shati linamchemsha mgongo au rangi ishaanza kupauka, linaishia kabatini. Mi printi naiangalia mwisho. Naanza na kitambaa, nageuza shati nione ndani, ndo narudi kwenye michoro, na nimeyapanga hapa kwa mtindo huohuo.

Namba moja ni pamba nyepesi, hasa poplini, ile pamba laini iliyofumwa kwa kubana. Uzito wa gramu 100 mpaka 130 kwa mita mraba unatosha kabisa, linakuwa jepesi na bado halionyeshi mwili. Pamba inakunywa jasho, inafulika bila masharti, na rangi ikiwekwa vizuri inashikana na uzi wenyewe kwa hiyo ukipitisha kidole juu ya ua husikii kitu, ni kitambaa tu. Ukisikia kama kuna ngozi ya plastiki juu ya kitambaa, hiyo rangi imebandikwa juu kwa gundi, hewa haipiti vizuri pale na baada ya kufua mara kadhaa inaanza kupasukapasuka. Kama uko na shati mkononi chukua kitambaa cheupe kibichi kidogo, sugua sehemu ya ndani ya pindo, kikitoka na rangi ujue linachuja na litaharibu nguo zako nyingine. Muombe muuzaji kwanza lakini, ni mali yake.

Namba mbili ni reyoni, kwenye lebo mara nyingi wanaandika viscose. Mashati ya Hawaii, yale yalioanza kushonwa Honolulu miaka ya 1930, yaling'aa sana kwa kitambaa hiki na ukilivaa unaelewa kwanini, linadondoka vizuri mwilini, ni la baridi ukiligusa, na rangi zake zinakuwa nzito zenye kina kuliko hata pamba. Kwa uzuri wa printi peke yake ningeliweka la kwanza, shida ni kwamba reyoni ikilowa inakuwa dhaifu sana na inarudi, unanunua saizi yako leo na baada ya kufua linakuwa la mdogo wako. Kwa hiyo chukua lenye nafasi kidogo, fua kwa mkono maji ya baridi, usilikamue kwa kulisokota, anika kivulini. Kama nguo zako zote unazitupia kwenye mashine pamoja basi baki na pamba.

La tatu kitani, kwenye lebo utaona linen. Kwa ubaridi hamna linaloshinda, ila uzi wake una vinundu, michoro yenye mistari myembamba haitoki kali, na mikunjo utaishi nayo. Kilichochanganywa na pamba kinakunjika kidogo.

Kitenge na batiki nazipa nafasi ya nne, sio kwa ubaya, printi zake ndo kali kuliko zote na kitenge cha nta halisi rangi inatokea pande zote mbili, ndani na nje karibu sawa, ila kingi ni kizito na kigumu mpaka ukifue kilainike. Jioni safi, jua la saa saba hapana.

Polista ya mwisho. Uzi wake unanyonya unyevu kama asilimia 0.4 tu ya uzito wake, pamba inafika 8 hivi, yaani jasho linabaki kwenye ngozi yako, na harufu inang'ang'ania hata baada ya kufua. Kwa haki yake, halipauki kirahisi na linakauka upesi, kwa hiyo la kushinda ufukweni au la safari ya begi dogo sawa.

Sasa michoro. Angalia mfuko wa kifuani na pale vifungo vinapokutana, kama ua linaendelea bila kukatika ujue fundi alitumia kitambaa cha ziada na muda wake, na mara nyingi hata mishono ya ndani inakuwa safi. Mwili mdogo usibebe ua moja linalofunika kifua kizima, linakuvaa wewe. Mwili mkubwa anaweza kuvaa michoro mikubwa bila wasiwasi, vijimaua vidogovidogo ndo vinamfanya aonekane mkubwa zaidi. Suruali iwe ya rangi moja, ikiwezekana rangi ambayo tayari imo ndani ya shati.

Mshono wa bega uishie kwenye mfupa wa bega, mkono wa shati ufike katikati ya bega na kiwiko, pindo liwe limenyooka na lishuke kidogo chini ya mkanda maana hili shati halichomekewi. Ukinunua mtandaoni achana na herufi za saizi, tandika shati lako linalokukaa vizuri, pima kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili upate mzunguko wa kifua cha shati, linganisha na vipimo vya muuzaji, na muombe picha ya lebo ya kitambaa na ya upande wa ndani. Akigoma kutuma, mi natafuta muuzaji mwingine.