Uzoefu wangu na mtambo wa maji moto wa jua Bukavu: kelele za tiyo na hewa iliyokwama

Ninaousemea ni mtambo wa tiyo 20 za kioo na tangi la lita 200, ule usio na presha, unaolishwa na siterne ya maji baridi iliyo juu yake. Kwa kupasha maji naupa nyota nne kati ya tano. Siku yenye jua, nyumba nzima inaoga jioni bila kuwasha makala na bila kungoja kuran. Lawama nyingi unazotupiwa, robine inayokohoa, maji moto yanayokataa kutoka, tiyo zinazogonga, zinatokana na namna ulivyofungwa. Plombie akikwambia ununue mwingine kwa sababu ya kelele, mwombe kwanza apande juu ya bati aangalie njia ya tiyo.

Maji haya yanasukumwa na kimo peke yake. Siterne ikiwa mita 2 juu ya robine, una presha ya bar 0.2 tu. Tiyo ya moto ikipita juu ya mbao za paa na kupanda mgongo wa sentimita 40, hewa hukaa pale juu na kushuka na upande wa pili, na sentimita 40 za kimo chako zimeliwa. Migongo mitano ya namna hiyo inatosha kukausha robine kabisa, na siterne imejaa. Hewa yenyewe haiishi kuja: maji ya mji yakikatika na siterne ikaisha, tiyo inanyonya hewa, tena maji baridi yakipata moto huachia hewa iliyoyeyuka ndani yake.

Dawa ni mteremko: sentimita 2 kwa kila mita, kutoka tangini hadi robine, bila kupanda popote. PPR (tiyo ya plastiki) ya milimita 20 yenye maji moto ishikwe kila sentimita 60, la sivyo inalegea katikati na kutengeneza migongo yenyewe. Pahali mgongo usipoepukika, weka te (kiungo cha njia tatu) kwenye kilele na tiyo ya kupumulia, iliyo wazi, ipande sentimita 30 juu ya maji ya siterne. Vile vitoa-hewa vidogo vya kujifungua vyenyewe sivipendi hapa. Matope na chokaa vikishika kiti chake, vinadondosha maji ndani ya dari.

Hewa ikiwa imekwishakwama, isukume kwa kinyume. Fanya hivyo alfajiri, tangi likiwa na maji, na ukiwa umehakikisha tundu la pumzi la tangi halikuziba, kwa sababu tiyo za kioo zinashikwa na mpira tu na hazivumilii presha. Unganisha kwa mpira robine ya maji ya mji na robine ya moto iliyo chini kabisa. Fungua ya moto, kisha ile ya mji polepole, sekunde 20 hadi 30. Ukimaliza funga ya mji kwanza, ndipo utoe mpira.

Kuna kosa linalonikera kuliko yote, nalo liko kwenye mikisa ya bafuni, ile robine inayochanganya moto na baridi: baridi imetoka moja kwa moja kwenye maji ya mji, moto umetoka juu ya paa. Bukavu ni milima, na kila mita 10 za kushuka zinaongeza bar 1. Nyumba ya chini ikipata bar 3, baridi inaingia ndani ya tiyo ya moto, inapanda hadi tangini na siterne inafurika. Lisha pande zote mbili kutoka siterne ileile. Ikishindikana, tia klape ya kuzuia maji kurudi, ya mlango unaoning'inia, ilazwe sawa; ile ya springi inahitaji nguvu ambayo bar 0.2 haina.

Kelele nyingine zisichanganywe na hewa. Kishindo kimoja robine inapofungwa ghafla ni pigo la maji kwenye tiyo ya mji: kaza vishikizo, tia kipunguza presha. Kutikatika jua linapopanda ni tiyo inayorefuka. Mita 5 za PPR ya kawaida, kutoka digrii 20 hadi 60, zinaongeza sentimita 3; iliyobanwa na simenti lazima ilie. Yenye tabaka la aluminiamu hurefuka chini ya theluthi ya hapo. Lakini mita 2 za kwanza kutoka tangini zifanye za shaba au chuma, maana maji ya hapo yanaweza kupita digrii 90, na kwenye mwinuko wetu wa karibu mita 1,500 yanachemka kwenye 95.

Nyota niliyoipunguza ni ya kioo. Maji yakirudi mchana na tiyo zilikuwa tupu juani, usijaze: zitapasuka. Weka vane kati ya siterne na tangi, uifunge, ungoje usiku zipoe.