Raba za mtumba za mbio pale Karume, nimezikimbilia miezi minne

Nimenunua raba za mbio za mtumba soko la Karume pale Ilala, mwezi wa pili, muuzaji alianzia elfu 45 tukamalizana kwa 28. Namba 39, za kijivu, kamba za bluu. Nimekimbia nazo miezi minne kwa hiyo naziongelea nikiwa nazijua. Nina miaka 38 na hizi ndo raba za kwanza nimewahi kununua kwa ajili ya kukimbia, na lazima nieleze kwanini mana bila hapo hamtaelewa kwanini nazisifia hivi.

Nimesoma boding Nyanda za Juu Kusini, nimeingia form wani 2002. Mchakamchaka wa alfajiri nilikuwa naupenda kabisa, mnaimba, mnapiga makofi, baridi inaisha wenyewe hamjui imeishia wapi. Lakini uwanja uleule saa 10 jioni ulikuwa kitu kingine. Umechelewa prepo, zunguka. Kitanda hakijatandikwa vizuri, zunguka. Mimi siku ninayoikumbuka kuliko zote kosa langu lilikuwa kuongea Kiswahili kwenye foleni ya uji, monita akaandika jina, jioni mwalimu wa zamu akatutoa watu 9 akasema zungukeni mpaka niseme basi. Viboko angalau vilikuwa na kanuni, mwaka huohuo 2002 ilitoka ikasema mwisho vinne na viandikwe kwenye daftari. Kukimbia hakuna aliyehesabu. Mtu mmoja akitembea tunaanza upya wote, na hakuna aliyejua tunaanza upya kutoka ngapi.

Na tulikimbia na viatu vya shule, vile vya ngozi vyeusi vya kamba, soli ngumu kama ubao. Raba zilikuwa zinafungiwa stoo mpaka siku ya michezo. Raundi ya sita au ya saba hivi nikahisi kisigino kina joto, baadae maji, baadae sikuhisi kitu. Usiku bwenini soksi ilikuwa imegandia kwenye kidonda, mwenzangu niliyekuwa nalala nae dabodeka moja akaenda kuomba maji ya moto jikoni akayaleta kwenye kikombe cha plastiki cha uji, akawa ananimwagia kidogokidogo huku anaivuta ile soksi uzi kwa uzi, hakuongea neno. Kovu ninalo mpaka leo mguu wa kulia. Nimemaliza form foo nikasema kukimbia basi, na kweli miaka 20 hata daladala ikiniacha nilikuwa naiangalia tu inaondoka.

Mwaka huu daktari kaniambia presha inapanda, nianze mazoezi, ndo nikaenda Karume.

Sasa huyu kijana anaeuza. Nilishika moja nzuri nyeupe, akaniambia dada hiyo sio ya mbio, hiyo ya kutokea. Akaniomba nivue ndala yangu, akaigeuza, akanionyesha ilivyolika upande wa ndani, akasema we unakanyagia ndani, chukua yenye sponji ngumu upande huo. Kumbe zipo, ukiangalia pembeni ya soli upande wa ndani sponji inakuwa rangi tofauti na ukibonyeza inagoma zaidi. Hakuna mtu aliyewahi kuuangalia mguu wangu namna ile, nilisimama pale na ndala moja nikajisikia kulia.

Alichonifundisha nawaachia na nyie. Bonyeza sponji na kidole gumba, ikiwa ngumu kama mti hiyo imekufa hata kama juu inang'aa, mana raba ya mbio inachoka sponji kabla ya kuchanika. Ikunje, ikunjike penye vidole sio katikati. Toa soli ya ndani uangalie alama za aliyeivaa kabla yako. Nenda jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, beba soksi utakazokimbia nazo, na mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ya upana wa gumba, ukivaa ya kukubana kucha zitakuwa nyeusi. Ukitaka kuchagua vizuri ulizia siku wanayofungua belo uwahi asubuhi, ila kupima rudi jioni kama muuzaji atakuwekea, wa kwangu aliniwekea.

Kasoro ipo. Gundi ya mbele ilikuwa inaachia na aliniambia kabla sijalipa, nikapeleka kwa fundi viatu akashona kwa elfu 3. Soli ya ndani nimenunua mpya. Zaidi ya hapo sijatia hela nyingine.

Jumamosi saa 11 na nusu alfajiri nakuwa Daraja la Tanzanite. Lina kilomita moja na kidogo, upepo wa bahari unakupiga ubavuni, joging klabu zinapita na fulana zao wanaimba na mimi najikuta naitikia kama zamani kwenye umande. Nilianza kwa kukimbia nguzo mbili za taa natembea moja, sasa hivi naenda Coco Beach narudi bila kusimama. Nikichoka natembea na hakuna anayeanza upya kwa sababu yangu. Kisigino hakijawahi kutoka hata lengelenge moja, hata siku ile mvua ilinikuta katikati ya daraja, raba zilikunywa maji zikakauka kesho yake mchana.

Binti yangu anaingia form wani mwezi wa kwanza, boding, mkoani. Fomu ya kujiunga imeandika viatu vyeusi jozi mbili, raba jozi moja, haijasema raba ya aina gani. Jumapili nimempeleka kwa yulekijana, akamgeuza ndala zake, mtoto hana shida upande wowote, akampa namba 37 akamwambia hebu kimbia mpaka kwa yule mama wa mashuka urudi. Akaenda mbio kwenye kile kichochoro huku watu wanampisha, akarudi anahema anacheka, anasema mama ngoja niende tena.