Karpfen wa bonde la Aisch: Ujerumani nako kuna samaki wa kukaanga

Ukiwa Muislamu ukaingia mgahawa wa kijijini Ujerumani, menyu inakutia unyonge. Nguruwe wa kuoka, soseji za nguruwe, hata kabichi imepikwa na mafuta yake. Mdogo wangu anasoma Erlangen, mji wa kusini mwa Ujerumani, na nilipokwenda kumtembelea Oktoba alinipeleka bonde la mto Aisch, si mbali na hapo. Akaniambia, "Dada, huku utakula." Nilikula, na nataka kuwaeleza vizuri, maana wengi wetu tukitoka Ulaya tunasimulia chipsi na kebabu za Waturuki tu. Kwetu Mikindani, kusini mwa Tanzania, tunalo boma la Wajerumani la mwaka 1895 na kila mtu analijua. Chakula chao hatukijui.

Bonde lile limejaa mabwawa ya samaki, mengine ya tangu enzi za kati, watawa walipohitaji kitoweo siku za kufunga nyama. Samaki mwenyewe ni Karpfen: mnene, mgongo umenyanyuka, magamba machache. Hufugwa mpaka majira matatu ya joto yapite, kisha huwekwa kwenye maji safi ili harufu ya tope itoke. Huliwa kuanzia Septemba hadi Aprili, kwa hiyo msafiri wa Juni au Julai asimtegemee.

Kabla hujaagiza, uliza mafuta. Baadhi ya majiko huko hukaangia mafuta ya nguruwe. Mgahawa wa kwanza walituambia wazi kwamba ndiyo wanayotumia, tukashukuru na kutoka. Wa pili, mama mwenye mgahawa alikuja mwenyewe kutoka jikoni na dumu la mafuta ya alizeti, akatuonyesha lebo. Hapo nikavua koti.

Samaki anapasuliwa kuanzia kichwani hadi mkiani, na kila mtu anapewa nusu, yenye jicho moja. Anatiwa chumvi, anagaragazwa kwenye unga, anazamishwa kwenye mafuta mengi ya moto mpaka anajikunja na mkia unatoka nje ya sahani. Mimi nimelelewa na mama mkaanga samaki. Samaki aliyetumbukizwa mafuta hayajachemka namjua kwa kumtazama. Huyu alikaangwa na fundi. Ngozi kavu, inavunjika kwa kidole. Ndani nyama nyeupe, laini, haijakauka. Mapezi na mkia vinatafunwa vyote, vinalia mdomoni kama bagia za moto. Mzee wa meza ya jirani alikuwa anavivunja kwa mikono, nami nikaweka uma pembeni. Tope sikulisikia kabisa. Shida ni miiba: myembamba, imejificha kwenye mnofu wa mgongoni. Mtoto usimpe kabla hujamchambulia.

Pembeni waliweka viazi vya kuchemsha vilivyokatwa vipande, vikatiwa siki, kitunguu na supu. Uliza pia hiyo supu ni ya nini. Yetu ilikuwa ya mboga. Vitamu, ila nilitamani pilipili, na pilipili hawana.

Watu wanakaa pamoja kwenye meza ndefu za mbao. Anayeingia anagonga meza kwa ngumi, amekwisha kuwasalimu wote, anavuta kiti. Niliipenda sana salamu ile. Kuna meza moja yenye kibao, hiyo ni ya wateja wa kila siku, msiikalie. Bia ipo kila kona, lakini hakuna aliyetutazama vibaya tulipoagiza juisi ya tufaha na maji ya gesi.

Tulilipa kama euro 15 kwa sahani, taslimu. Hiyo ni zaidi ya shilingi 40,000, na kwa hela hiyo huku kwetu unalisha nyumba nzima. Hata hivyo sikuona nimeibiwa, maana nusu ile ilinishinda kuimaliza.

Pigeni simu kabla ya kwenda: mara nyingi jiko hufungwa alasiri, na migahawa mingi ina siku zake za mapumziko ndani ya wiki. Na mkishakaa tu, agizeni mayai ya samaki ya kukaanga. Sisi tulipoyataka yalikuwa yamekwisha.