Mlingoti wa haidrofoili nilioutengeneza Mwanza: usichomelee, funga boliti

Wakuu, hii kitu nimeitumia miezi minne ndo nimeamua kuandika, nilitaka kwanza niujue ubaya wake. Kwa asiyejua, haidrofoili ni yale mabawa yanayokaa chini ya maji, yameshikwa na mlingoti unaoshuka kutoka kwenye ubao unaosimama juu yake, ukivutwa na boti mabawa yanakunyanyua na ubao unatoka majini kabisa, zile kelele za mawimbi zinakata ghafla, raha yake siwezi kuielezea ikatosha. Ya kuagiza nje ukijumlisha usafiri na ushuru ilinishinda, nikajenga mwenyewe.

Mabawa sina lawama nayo. Nilichonga paina kwa randa, la mbele sentimita 90 kwa 17, la nyuma 40, nikafunika kwa kitambaa cha faiba na epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, tabaka tatu. Epoksi pima kwa mzani, usikadirie kwa macho, halafu changanya kidogo kidogo, mimi nilichanganya kikombe kizima saa nane mchana na hili joto letu kikaanza kufuka moshi mkononi kabla sijapaka hata nusu. Sasa hivi napaka alfajiri. Na ukingo wa nyuma wa bawa piga msasa mpaka uwe mwembamba kweli, wangu mwanzoni ulikuwa mnene ukawa unapiga mluzi majini na mlingoti wote unatetemeka mpaka miguuni.

Sasa mlingoti ndo ulionitoa jasho. Nilinunua bapa la alumini unene milimita 12, urefu sentimita 70, nikapeleka kwa fundi wa kuchomelea anichomelee sahani ya juu, ile inayofungwa kwenye ubao. Kwa macho kazi yake safi sana, weldi imelala kama magamba ya sato, bei nzuri, hakunizungusha. Siku ya tatu tuko Luchelele navutwa na mtumbwi wenye injini ya nguvu farasi 15, bawa likanasa magugu maji, nikarushwa mbele, kutoa ubao nje mlingoti umekunjika, na haujakunjika katikati, umekunjika kidole kimoja tu chini ya weldi.

Nikaja kuelewa kwamba alumini ngumu, kama ya aina inayoitwa 6061-T6, ugumu wake unatokana na kupashwa joto kiwandani kwa kipimo maalumu, ukishaipiga moto wa kuchomelea ile sehemu ya pembeni ya weldi inalainika, inapoteza karibu nusu ya nguvu yake, na pale juu ndipo mlingoti unapobeba mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Yaani tumelainisha palepale panapotakiwa kuwa pagumu. Fundi hakuniambia, na mimi nimeumia maana lile bapa nililisaka wiki mbili.

Wa pili sikugusa moto kabisa. Nimeweka alumini za L mbili, moja kila upande wa mlingoti, nikapitisha boliti sita za stenlesi za milimita 8 na epoksi katikati ili pasibaki nafasi ya kucheza. Mpaka leo haujasogea hata kidogo, nimeanguka nao mara nyingi na magugu nimeyanasa tena mara mbili. Na unafunguka, nikienda ziwani naubeba kwenye boda.

Kwa uzito wangu wa kilo 72 unaanza kunyanyuka kwenye kilomita kama 15 kwa saa. Anayekuvuta mwambie aongeze moto taratibu, maana mwendo ukiwa mara mbili nguvu ya kunyanyua inakuwa mara nne, akivuta kwa pupa bawa linachomoka juu ya maji na unaanguka vibaya, na mlingoti wa alumini miguuni sio kitu cha kuchezea, vaa helmeti. Nenda asubuhi kabla upepo haujaanza kusukuma magugu ufukweni.

Kuchomelea mlingoti naipa nyota mbili kwa usafi wa kazi ya fundi. Boliti nyota tano. Ule uliokunjika bado upo stoo, anayetaka kuona ulivyokunjika aseme nimpigie picha.