Alinikatia viua vyangu kwa mkasi, na ada nimelipa mimi

Nimengoja hasira zishuke ndipo niandike. Zimekataa. Basi tutaandika pamoja, mimi na hasira zangu.

Madarasa ni ya kudarizi na kazi za nguo kwa jumla, hapa Lamu, ghorofani kwenye nyumba moja ya kale mtaa wa Mkomani. Nyumba siitaji, mwalimu simtaji. Mji wetu huu, ukipiga chafya mtaa wa Langoni, Mkomani wanakuombea afya. Bei na saa waulizeni wenyewe. Watawajibu kwa uso mkunjufu, maana kwenye kuandikisha watu hawana mpinzani.

Mimi si fundi. Mchana niko nyuma ya kaunta ya duka la dawa, jioni nashika sindano ili akili itulie. Nimedarizi foronya, vitambaa vya meza, na jina la binti yangu kwenye mkoba wake. Mengi nimeyaokota kwenye video za intaneti: mshono wa msalaba, wa mnyororo, vifundo. Nyuzi naagiza Mombasa, za DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1746, kwa hiyo msidhani nadarizi kwa uzi wa kushonea magunia. Kila kishada mita 8, na uzi mmoja una nyuzi 6 ndani yake. Unazitenga mbilimbili, unatunga, unaendelea. Nayasema haya mapema kwa sababu huko mbele nilitendewa kama mtu asiyejua tundu la sindano liko upande gani.

Nilichokifuata pale ni kofia ya viua, ile yenye nakshi ya vitundu vidogo vidogo. Mume wangu ana kofia za mashine tele, lakini Maulidi ikifika na mji ukajaa wageni, utamwona kila mwanamume anamtazama mwenziwe kichwani kabla ya kumpa mkono. Kofia ya mkono hujulikana kwa mbali. Huchukua miezi kushonwa na huuzwa kwa maelfu ya shilingi, na mimi sikutaka kununua, nilitaka kushona. Bibi yangu alishona kofia mpaka macho yakamkataa. Wakati huo mimi nilikuwa bweni Mombasa, nikarudi na cheti.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima mtu haki yake. Kahawa ya tangawizi, kaimati za moto, na mwalimu akiwaeleza wageni jinsi Pate ilivyokuwa na nguo za hariri karne ya 16, hata Wareno wakazifanyia biashara. Tulikuwa wanawake wanane: wenyeji watatu, na watano wazungu kutoka nyumba za kulala wageni. Tulidarizi juu ya vipande vya tanga kuukuu la jahazi. Tanga ni gumu, nilivunja sindano mbili, lakini tulicheka. Jumamosi iliyofuata tukafunga vitamvua vya kikoi, kazi ambayo nimeifanya tangu sina meno ya mbele. Nikanyamaza, nikafunga.

Kilichonikera mapema ni mwanga. Nyumba zetu za mawe kuta zake ni nene, chumba upana wake ni pale boriti ya mkoko ilipofika, madirisha machache. Na tangu mji utiwe kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, dirisha halitanuliwi ovyo. Sawa. Lakini nani anakaa dirishani? Wageni. Kila Jumamosi. Sisi wenyeji tunasogezwa huko ndani chini ya madaka, tunashona uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe, gizani, kama wezi. Nilinong'ona hivyo, dada aliyekaa kando yangu akaninyamazisha kwa jicho.

Haya. Siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya sita, au ya saba, kusi limeshaanza kuvuma na waliotoka Shela kwa mashua wamefika wamelowa. Kazi yangu ilikuwa ule ukanda unaozunguka kichwa. Kipande cha juu, cha duara, nilikiwekea siku zake. Kitambaa cheupe tabaka mbili, nakshi imechorwa kwa penseli, na juu ya penseli ndipo unapanga viua, kitundu kimoja kimoja kilichozungushiwa uzi. Wiki tatu nzima nilikuwa nikitoka kazini nala haraka, nakaa chini ya taa. Nilikuwa na viua mia moja na kumi na saba. Nilivihesabu usiku wa kuamkia siku ile, nikavihesabu tena asubuhi, kama mtu anayehesabu fedha za harusi.

Mwalimu alikuwa anapita nyuma yetu. Ni mtu mzima, makamo ya mama yangu mdogo, mkasi umening'inia shingoni kwa utepe. Akakichukua kitambaa changu mapajani. Hakuomba. Akakigeuza nje ndani, akaenda nacho dirishani, kule kule ninakonyimwa mimi, akakiinua kwenye mwanga.

"Hizi si ziua," akasema. "Hizi ni matundu."

Nikacheka kidogo, nikidhani ni mzaha.

"Wewe mwana wa Lamu, huyui kiua?"

Wageni hawajui Kiswahili, sembuse Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, lakini sauti ya mtu kufokewa haihitaji mkalimani. Sindano zote zikasimama. Nikahisi masikio yameshika moto. Kabla sijapata neno la kusema, akashika mkasi wake akakata. Mara tatu. Akarudi akaniwekea mapajani vipande vinne, polepole, kama mtu anayerudisha chenji.

"Mwalimu, ungeniambia tu, ningefumua mwenyewe."

"Zilokatwa hazifumuliwi."

Kisha akanipa mgongo. Pale dirishani palikuwa na mama mmoja wa Kiholanzi anadarizi samaki kwenye kipande cha tanga. Samaki yule, naapa, jicho lake lilikuwa karibu na mkia. Mwalimu akamshika bega, "Mashallah, vizuri sana!" Mama wa watu akafurahi mpaka akaniinulia na mimi nione. Nikamwambia mzuri. Ningefanyaje?

Nikakunja vyangu, nikashuka ngazi. Kwenye kichochoro nikakuta punda watatu wamebeba mawe ya ujenzi, pa kupita hapana. Ikabidi nijibanze ukutani na machozi yangu, uso kwa uso na punda, mpaka mwenye punda akaniambia, "Pole, mama," akidhani nimekanyagwa.

Hukumu yangu ya usiku ule ilikuwa fupi: msiende. Nyota moja, na hiyo ni ya kaimati.

Baadaye nikasema hapana, niseme haki. Kama wewe ni mgeni, umekuja siku nne, unataka kumbukumbu ya kurudi nayo kwenu, nenda. Utakaa dirishani, utakunywa kahawa, utasifiwa samaki wako. Kama ni mtu wa hapa, kaa kwako. Ada niliyolipa haikuwa na punguzo la uzawa. Matusi ndiyo yaliyokuja na nyongeza.

Nikaenda kushtaki kwa shangazi, nikitafuta wa kulia naye. Shangazi akacheka hata akashika mbavu. "Huyo Mholanzi wako Jumatatu yumo ndegeni," akasema. "Kofia ya mumeo itakaa msikiti wa Riyadha usiku wa Maulidi, wazee wote wa mui wameikodolea mato. Ulitaka wahesabu matundu?"

Nikamwambia ubishi wangu si matundu, ni mkasi. Akauliza kwani mkasi umemkata nani. Sikumjibu, ni shangazi yangu. Nawajibu nyinyi: wiki tatu.

Sasa, kuna jambo sikulisema huko juu. Siku mwalimu alipotufundisha kiua nilikuwepo. Nilisikia vizuri, nilikaa karibu kabisa. Alisema kitundu cha kiua hakikatwi. Hutobolewa kwa sindano nene, taratibu, nyuzi za kitambaa zisogee kando bila kukatika, kisha unazizungushia uzi zikiwa nzima. Mimi kwenye video nilikuwa nimeona wanakata kwa mkasi, haraka, tundu safi, nikaona hiyo ndiyo njia ya watu walioendelea. Na ni kweli darizi za Kizungu zenye matundu makubwa hukatwa, lakini kwanza hutangulia mshono wa kuzunguka tundu ili kitambaa kisichambuke. Kiua chenyewe ni kama punje ya mtama. Nilikata kwanza nikashona baadaye, na kwenye kitundu kidogo hivyo uzi hauna pa kushika.

Usiku mmoja, kwa ukaidi tu, nikachukua kimoja katika vile vipande vinne nikakifua kama kofia inavyofuliwa: sabuni, vidole, wanga, kisha nikakivalisha bakuli kwa sababu foroma, ile ya kuvalishia kofia ikauke na umbo lake, sina. Asubuhi nikakiangalia. Viua vimeota ndevu. Nyuzi zimechomoka huku na huku, na viwili vilivyokuwa jirani vimeungana vikawa shimo moja la kupitisha kidole. Fikirieni hilo juu ya kichwa cha mtu mzima anayemwitikia imamu.

Nikatafuta sindano nene, nikatoboa kimoja. Kimoja tu. Kwa muda kilionichukua ningekuwa nimeshapika chai na kuinywa. Nikakifua mara mbili. Hakikutikisika.

Kwa hiyo mwalimu ni fundi. Ni fundi hasa, siwezi kusema vingine. Kazi yake ukiigeuza, ndani ni safi kama nje, hujui upande wa kuvaa ni upi. Nimeuliza Langoni yote nani mwingine wa kunifunza viua, na kila ninayemuuliza ananirudisha kwa yule yule. Basi nyota nne. Ndiyo, nne, mwenye haki apewe.

Hapana! Nikilikumbuka lile "mwana wa Lamu" damu inachemka upya. Alikuwa na haki ya kusema nimekosea, hata kwa ukali. Chuoni tulisomeshwa Kurani kwa bakora na hatukufa. Lakini kitambaa ni changu, uzi nimenunua mimi, na zile wiki tatu zimetoka kwenye macho haya haya yanayosoma vibandiko vya dawa kutwa nzima. Angenipa mkasi nikate kwa mkono wangu. Ningelia, nikakata. Na yule Mholanzi je? Samaki mwenye jicho mkiani, kwa nini asiambiwe? Naye kalipa. Au pale juu kinachouzwa ni sifa, na sisi tusio na tiketi ya kurudi tunauziwa mafunzo? Hilo la mwisho, nikilisoma tena, linamfaa mwalimu kuliko linavyonifaa mimi, lakini nimeshaliandika, acha likae.

Yule dada wa kando ameniambia kwamba Jumamosi iliyofuata mwalimu aliuliza, "Yule wa ziua yuko wapi?" Yule wa ziua! Wiki zote zile jina langu halijui. Halafu akaulizia kama nimevitupa vile vipande.

Juzi akanitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, sekunde chache: "Makasi yako yako huku. Ndoo na kitambaa kipya. Usichore, nitachora mimi." Ndoo ya Kiamu ni njoo, si ya maji. Hakuna samahani, hakuna hujambo, hakuna habari za watoto. Ni kweli mkasi wangu niliusahau siku ile ya punda, nao ni mkasi wa shilingi mia mbili, wala haustahili ujumbe. Ujumbe wenyewe nimeusikiliza mara sita. Mume wangu kausikia mara mbili akiwa kitandani, akaniuliza huyu ni nani anayekuamrisha hivi. Nikamwambia lala.

Nyota mbili, kwa leo. Wakipanga zamu za kukaa dirishani, tatu. Kitambaa nimenunua, yadi moja, pale Usita wa Mui, njia kuu ya mjini, nikipita tu kutoka kazini, lakini kimo kabatini na sijamwahidi mtu kitu.